Bapa la Colorado na maji ya Mpiji: uchambuzi wa asubuhi moja ya mashindano

Kisa hiki kimeshazungumzwa sana Ununio na Mbweni, na kila anayekisimulia anamalizia palepale: kwamba siku ile bapa la Colorado, kipande cha chuma kinachozunguka kwenye chambo bandia, liliushinda Mto Mpiji. Tangu hapo vijana wawili watatu wameagiza mabapa hayo kwa ndugu zao walioko Marekani, na mmoja ameanza kukata ya kwake kwa bati la shaba. Nadhani wamekimbilia jibu. Mimi ndiye niliyekuwa mpima, samaki wote wa siku hiyo walipita kwenye rula yangu, na baadaye nikapewa kisanduku cha chambo cha boti iliyolitumia bapa hilo, nikakikagua kimoja baada ya kingine. Niliyoyakuta humo hayalingani na hadithi inayotembea.

Mashindano yenyewe yalikuwa ya marafiki: boti sita za faiba, watu wawili kila boti, kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 6 mchana. Chambo cha nyama hakiruhusiwi, kurambaza, yaani kuburuta chambo nyuma ya boti inayotembea, hakuruhusiwi. Ni kurusha na kuvuta tu, tena kwa chambo bandia. Kila boti inahesabiwa samaki wake watano walio warefu zaidi. Wanaletwa kwa mpima wakiwa hai ndani ya ndoo, wanapimwa kwa sentimita, wanarudishwa majini. Hesabu hiyo ya watano tumeichukua kwa wavuvi wa besi wa Marekani. Mashindano yao ya kisasa yalianza mwaka 1967, Ray Scott alipowakusanya wavuvi Beaver Lake, Arkansas. Mwaka uliofuata akaanzisha chama chao, na kufikia 1972 alikuwa akihimiza samaki wasiuawe. Besi wenyewe ni samaki wa maji baridi, hapa pwani hatuna. Wanaosifika Afrika Mashariki ni wale wa Ziwa Naivasha kule Kenya, waliopandikizwa miaka ya 1920. Sisi tuna kolekole, chewa na mzia, na hao kwa ubishi hawamwogopi besi yeyote.

Uwanja ulikuwa mdomo wa Mpiji, pale Dar es Salaam inapopakana na Mkoa wa Pwani, pamoja na mikoko ya upande wa Mbweni. Walikuwapo waliotaka twende kisiwa cha Mbudya kwa sababu maji yake ni mazuri kwa picha. Walikumbushwa kwamba Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini ni hifadhi tangu 1975, na huko hatutupi ndoana.

Boti inayohusika ilikuwa na mjomba na mpwa wake. Mjomba ni mtu wa Ununio, amevua mlango huo kwa mshipi wa mkono tangu Mbweni haijawa na nyumba za ghorofa. Mpwa anaishi Alabama, alikuwa amekuja likizo, na huko hushindana kwa besi karibu kila mwezi. Alikuja na kisanduku kilichojaa spinabeti.

Ambaye hajawahi kuiona, spinabeti ni waya uliokunjwa katikati ukawa na mikono miwili. Mkono wa chini una kichwa cha risasi chenye ndoana, na ndoana imevishwa sketi ya nyuzi za mpira. Mkono wa juu umebeba bapa moja au mawili ya chuma yanayozunguka chambo kikivutwa. Uzi unafungwa kwenye kona ya kunjo. Kwa kuwa ule mkono wa juu hutangulia mbele ya ndoana na kuikinga, chambo hiki hupita kwenye mizizi na matawi bila kunasa ovyo, na kwenye mikoko hiyo ni sifa kubwa.

Siri yake iko kwenye bapa. La Colorado ni la mviringo na limebonyea sana. Linazunguka kwa upana, linasukuma maji mengi, na mtetemo wake unausikia mpaka kwenye kiganja. Ukilivuta haraka linapanda juu, kwa hiyo ni la kuvutwa polepole. Bapa la jani ni refu, jembamba, limechongoka. Linazunguka kwa kasi karibu na waya, mtetemo wake ni mdogo lakini mng'ao wake ni mwingi, na hata likivutwa haraka linabaki kwenye kina chake. Kati ya hayo mawili kuna la Indiana. Kanuni ya wavuvi wa besi ni nyepesi: maji machafu, Colorado la rangi ya dhahabu au shaba, kwa sababu samaki asiyeona vizuri hutegemea mstari wa ubavuni mwake kuhisi mtikisiko; maji maangavu na jua, jani la fedha. Uzito hutokana na kina na mkondo. Wengi hubeba za gramu 10 hadi 14, na za 21 kwa maji marefu.

Kanuni hiyo siipingi. Ninachopinga ni kusema kwamba asubuhi ile iliithibitisha.

Usiku wa kuamkia mashindano walikaa barazani kuchagua. Mpwa alishatoa ya gramu 14, sketi nyeupe, majani mawili ya fedha.

"Mjomba, hii ndiyo inayonipa ushindi kule."

"Kule maji yake yakoje?"

"Meupe. Unaona mpaka chini."

"Haya, mjomba. Mpiji sasa hivi ni chai ya maziwa."

Alikuwa sahihi. Ilikuwa Mei, masika inamalizikia, na mvua ya bara ilikuwa imeshusha tope. Tena ilikuwa bamvua. Kwetu bamvua inamaanisha maji yamejaa alfajiri na yanakupwa asubuhi nzima mpaka saa 4 na nusu hivi, na tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Yaani kwa saa nne za mwanzo mto ungekuwa unatapika tope lake baharini, halafu katika saa ya mwisho bahari ingeanza kurudisha maji ya kijani. Asubuhi moja, maji mawili tofauti. Huo ndio ulikuwa mtihani wenyewe, na mtu angeweza kuujua siku mbili kabla kwa kuangalia mwezi tu.

Pamoja na hayo, mpwa alianza na majani yake mawili. Mjomba hakubisha zaidi. Fimbo haikuwa yake.

Walisimamisha boti kwa upondo ukingoni mwa mkondo, wakirusha kuelekea juu, kwenye mizizi ambayo bado ilikuwa imezama, na kukirudisha chambo pamoja na maji yanayoshuka. Mpaka saa 1 na robo hawakuwa na kitu. Mjomba akaomba fimbo, akavuta mara mbili, akairudisha.

"Hiki kitu kimekufa, mjomba. Sisikii chochote."

Mpwa aliyachukua maneno hayo kwa maana ya kanuni: jani halitetemeshi, maji ni machafu, samaki hawalihisi. Akafunga bapa moja la Colorado la shaba, gramu 14, sketi ya manjano ya kijani. Akahamisha boti kidogo hadi pale mkondo unapoporomoka kutoka kwenye fungu la mchanga, akaanza kurusha kwa kukatiza mkondo badala ya kufuatana nao. Mrusho wa tatu au wa nne, chewa wa sentimita 58. Huyo ndiye aliyebaki samaki mrefu kuliko wote siku hiyo, na ndiye aliyezaa hadithi. Baadaye kolekole wawili, wote wa thelathini na kitu.

Hapo ndipo wasimulizi wanaposimama. Ukisikiliza vizuri lakini, utagundua kwamba kwa dakika zile chache vitu vitatu vilibadilika kwa pamoja: bapa, mahali, na mwelekeo wa kurusha.

Nianze na mwelekeo, kwa sababu ndio unaosahaulika. Bapa halizungushwi na mkono wa mvuvi, linazungushwa na maji yanayolipita. Maji yanashuka kwa nguvu ya bamvua. Wewe umerusha juu na unavuta taratibu ukifuatana nayo. Chambo kinasafiri kuja kwako, kweli, lakini maji nayo yanasafiri nacho, na tofauti ya mwendo wa viwili hivyo ni ndogo mno. Jani linahitaji kasi zaidi kuliko Colorado ili lianze kuzunguka. Inawezekana kabisa kwamba saa nzima walikuwa wakivuta chuma kilicholala. Kuna njia mbili za kujinasua: kuvuta haraka zaidi ya unavyodhani inatosha, au kurusha kwa kukatiza kama alivyofanya mpwa baadaye, bila yeye mwenyewe kuona kwamba hilo lilikuwa badiliko kubwa kuliko rangi ya chuma.

La pili nililiona kwenye kisanduku. Niliichukua ile nyeupe ya majani mawili, nikaipulizia. Jani dogo la mbele, ambalo hupita moja kwa moja kwenye waya, lilizunguka. Jani kubwa la nyuma halikusogea. Kifundo chake, kile kiungo kidogo kinacholiwezesha kuzunguka, kilikuwa kimeganda, kimejaa chumvi na chembe za mchanga. Wiki moja kabla walikuwa wameenda kufanya mazoezi palepale mdomoni, wakarudi wakakifunika kisanduku kikiwa kimelowa. Ziwani Alabama mtu anaweza kufanya hivyo mwaka mzima asione tofauti. Kwenye maji chumvi siku saba zinatosha, hasa kwa vifundo vya bei nafuu visivyo na gololi ndani.

Kwa hiyo neno la mjomba lilikuwa na uzito kuliko alivyoelewa mpwa. Mtu aliyezoea mshipi wa mkono anasikia kwa kidole tofauti ya kamba na kaa akidonoa chambo. Hata jani, kwa mtetemo wake mdogo, angelisikia likizunguka. Aliposema kimekufa alikuwa anatoa taarifa ya kitaalamu: bapa halizunguki. Dawa ya kwanza ilikuwa kukiinua chambo, kukiburuza ubavuni mwa boti na kukitazama, kazi ya nusu dakika. Hakuna aliyekitazama.

Ushahidi wa tatu uko kwenye karatasi yangu ya vipimo. Kolekole wa kwanza wa siku hakutoka kwenye boti yao. Aliletwa na boti nyingine kabla ya saa 1, kutoka maji yaleyale ya chai, na alikamatwa kwa kipande chembamba cha chuma cheupe kisicho na mtikisiko wowote wa kutisha. Kama maji yale yangekuwa yanakataa mng'ao na kudai mtetemo tu, samaki huyo hana maelezo.

Nikilazimishwa kutoa hukumu, nitaweka kifundo kwanza, mwelekeo wa pili, na umbo la bapa la tatu. Colorado lilisaidia, hilo silikatai, na kwa mtu asiyejua hali ya vifundo vyake ni chaguo la busara kwenye tope kwa sababu huzunguka hata kwa mwendo wa kinyonga na hukupa taarifa mkononi kwamba linazunguka. Ila kilichofanya saa ya kwanza iwe tupu kilikuwa uchafu kwenye kipande cha chuma kidogo kuliko punje ya mchele.

Kuanzia saa 2 walipigwa mara nyingi bila kunasa. Kolekole alikuwa anagonga sketi kwa nyuma na kuachia. Hapa mpwa alionyesha ufundi wake: aliongeza ndoana ya mkia, yaani ndoana ya pili inayovikwa kwenye ile kubwa na kuzuiwa isichomoke kwa kipande cha mpira. Kolekole wa pili alinaswa na hiyo. Aliposogea tena kwenye mizizi aliivua, na alifanya vema, maana ndoana ya mkia haikingwi vizuri na ule waya wa juu na mikoko haina huruma.

Kuhusu maji kupwa kabisa sina mengi. Mizizi ilikuwa imeanikwa juani, mkondo umebaki mfereji, kaa wanatembea palipokuwa na samaki asubuhi. Boti mbili zilirudi pwani kunywa chai. Wao walijaribu ya gramu 21 chini kabisa ya mfereji, hawakupata kitu, na sidhani kuna mtu angepata.

Saa 5 kasorobo bahari iligeuka. Mwenye kuujua mdomo wa Mpiji anajua kinachofuata: maji ya kijani yanaingia yakiwa na ukingo kabisa, unaweza kuunyooshea kidole, tope upande huu na uangavu upande ule, povu na majani makavu katikati. Vidagaa hujipanga kwenye ukingo huo, na wanaowala hukaa upande wa kijani wakisubiri. Ukingo hausimami. Kila baada ya dakika chache umesogea juu zaidi ya mto, na boti isiyosogea nao inabaki ikivua maji yaliyokwisha kazi.

Sasa kichekesho cha kisa hiki ni kwamba aliyekataa kubadilisha chambo safari hii ni mjomba. Alishapewa fimbo ya pili yenye Colorado, imempa kolekole kwa mkono wake mwenyewe, na hakutaka kusikia habari nyingine.

"Mjomba, maji yameshakuwa meupe, tubadilishe."

"Aa, mjomba. Hii inakula."

Haikula. Kolekole walikuwa wanaonekana kwa macho wakifukuza vidagaa juu juu, mwendo wa kasi, na kila mjomba alipojaribu kuvuta kwa kasi hiyo bapa lilipanda na kuchana uso wa maji. Zilipita karibu nusu saa. Mpwa akafunga yenye mabapa mawili tofauti, Colorado dogo mbele na jani refu la fedha nyuma. Kabla ya kuirusha aliizungusha kwa kidole, ndipo na yeye akahisi ugumu wa kifundo kwa mara ya kwanza siku hiyo. Akakisugua kwa mate na mafuta ya mashine mpaka kikalegea. Akarusha ng'ambo ya ukingo, akavuta kwa kasi kukatisha maji mawili. Kolekole, mkubwa kuliko wale wa asubuhi. Samaki wanne.

Huyo alikuwa ameukunja waya. Waya wa spinabeti za besi ni mwembamba kwa makusudi, kwa sababu ukiwa mwembamba mtetemo unafika vizuri kwenye kichwa na sketi. Kolekole hana habari na makusudi hayo. Mpwa aliunyoosha kwa koleo, lakini ukikunjwa na kunyooshwa ukaacha kukaa sawa, chambo huegama upande mmoja, na kukirekebisha majini ni kujaribu na kujaribu tena. Mwenye ya akiba ni bora aifunge ya akiba.

Saa 6 kasoro dakika kumi alikuja mzia. Walimwona wote wawili, ubavu mrefu wa fedha, akakitwaa chambo, akageuka, uzi ukalegea. Hapakuwa na waya wa kukinga meno. Nilimuuliza mpwa kwa nini, na jibu lake lilikuwa la maana. Spinabeti zake nyingi kona yake iko wazi, ni kunjo tu bila kitanzi. Ukiweka pini ya waya kwenye kona ya namna hiyo, pini huteleza kwenye mkono wa juu au wa chini, na chambo kinavutwa kikiwa kimekaa kombo. Kwa besi, ambaye meno yake ni kama msasa tu, unafunga uzi moja kwa moja na mambo yanaisha. Kwa bahari yetu zinafaa zenye kitanzi kilichofungwa. Alikuwa nazo mbili kisandukuni, hakuzikumbuka kwa sababu Alabama hazimhusu.

Walimaliza wa tatu kwa samaki wanne.

Boti iliyoshinda haitajwi popote kwenye hadithi. Ilileta watano, wote kolekole, kwa kichwa cha risasi kilichofungwa manyoya meupe ya kuku, kitu ambacho baba zetu wangekitambua gizani. Nahodha wake alianza kwenye ukingo wa fungu wakati wa kupwa na kumaliza akiufuata ukingo wa maji ya kijani mita kwa mita, kijana wake akisukuma upondo bila kupumzika. Hakubadilisha chambo hata mara moja. Alibadilisha kasi ya kuvuta tu. Nadhani hakuna anayemsimulia kwa sababu manyoya ya kuku hayaagizwi Marekani.

Kwa yule kijana wa mabapa ya shaba: fundi wako wa mtaa wa Gerezani anafanya kazi nzuri, nimeyaona, ila mbonyeo hautoshi, ndiyo maana yanayumba badala ya kuzunguka. Na huo waya wa spoku ya baiskeli ni mgumu mno. Hautakunjwa na kolekole, ni kweli, lakini unaua mtetemo ambao ndio uliokuwa unautafuta. Risasi ya betri za magari usiyeyushie jikoni kwa mama yako. Moshi wake ni sumu na watoto ndio wanaodhurika zaidi. Pesa unayotaka kuitumia kwa mabapa mapya, nunua kwanza vifundo vyenye gololi, na weka ndoo ya maji ya bomba mahali unapoteremshia boti, chambo vyote viloweshwe humo kabla ya kwenda nyumbani.

Jaribio la haki bado halijafanywa. Tumekubaliana tulifanye mpwa akirudi wakati wa kaskazi, baada ya mvua za vuli kutia tope tena: fimbo mbili, boti moja, mahali pamoja, Colorado kwenye moja na jani kwenye nyingine, vifundo vipya pande zote, wabadilishane kila robo saa. Mjomba amekubali kushiriki, kwa sharti kwamba ya Colorado aanze nayo yeye.